Tabia Yangu Iliachwa Mlangoni

Usiku wa jana niliota nimening'inizwa kwenye mizani ya kliniki, ile ya kupimia watoto, nimevaa kaptula ya kitambaa yenye kamba mbili. Nina miaka hamsini na mbili na kilo themanini na nne. Kaptula ilinitosha vizuri tu, na hakuna aliyeona ajabu.

Aliyekuwa akisoma mizani ni Bwana Wilbroad, mshauri wa biashara. Huyu si mtu wa ndotoni. Juzi alikuja kweli kwenye mgahawa wangu hapa Tukuyu, viatu vimechongoka mbele, akaniletea mkataba wa Chapati Fahari. Mkataba wenyewe ni wa kuazima jina: ubao wangu wa "Kwa Mama Sekela" unashushwa, wao wanaleta ubao wa taa, unga, jokofu na kitabu cha kanuni, na mimi nakuwa tawi namba thelathini na moja. Kabla ya yote akanijazisha dodoso la maswali arobaini, ajue mimi ni mtu wa aina gani. Swali la tatu: "Ukiwa kwenye sherehe, unapenda kukaa katikati ya watu au pembeni?" Nikamwambia kwenye sherehe mimi nipo jikoni, wanaokaa ni wengine. Kisanduku cha jikoni hakikuwepo. Akaniwekea alama ya pembeni.

Matokeo yakatoka: Aina ya Nne, Mkaidi Mwenye Huruma. Wanaofanikiwa kwenye biashara hii, akasema, ni Aina ya Pili, Mfuasi Mchangamfu. Ila nisihofu, tabia inarekebishika. Yaani mtu ambaye hajawahi kukanda hata donge moja la unga anakuja kunirekebisha!

Nilimcheka mbele yake. Nyumbani sikucheka. Miaka kumi na tisa napika, magoti yameisha, na mgahawa bado una meza nne zile zile. Nikaanza kujiuliza kama kweli kosa ni mimi. Mume wangu aliuona mkataba mezani akasema saini, mama, upumzike. Siku ya kusaini ilikuwa leo.

Basi, nipo kwenye mizani.

"Tabia, kilo sitini," anasoma Bwana Wilbroad. "Mtu mwenyewe, ishirini na nne. Itabidi tabia iachwe mlangoni."

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kitabu: Tabia yako iache mlangoni. Mlangoni palikuwa na rafu ya viatu. Wakanivua tabia. Haikuuma, ilikuwa tu kama kuvua sweta lililobana shingoni. Tabia yangu akasimama pale, mwanamke mfupi, khanga kifuani, mikono kiunoni. Wakampa nafasi rafuni katikati ya kandambili. Akasonya.

"Tulia hapo," nikamwambia, kwa upole ambao sijui niliutoa wapi.

"Na wewe nenda ukachekacheke," akanijibu.

Ndani, kliniki imeshakuwa mgahawa. Taa nyeupe, hakuna moshi, hakuna harufu. Kitabu cha kanuni kinatembea mbele yangu kwa miguu miwili mifupi na mimi nakifuata, maana kanuni ya pili ni kukifuata kitabu. Kinapiga chafya, napiga chafya. Kinaingia chooni, naingia. Kwenye meza chapati zinapimwa kwa rula. Moja imezidi kidogo upande. Inaomba radhi, inateremka yenyewe na kujitupa kwenye ndoo.

"Karibu Chapati Fahari, siku yako iwe ya fahari!" nasema kila mlango ukifunguka. Namwambia mteja, namwambia inzi, nauambia upepo. Kila nikicheka, ubao wa ukutani unaniongezea alama: tisini, tisini na tano, tisini na nane. Bwana Wilbroad anajifuta machozi kwa tai.

"Aina ya Pili kamili," anasema. "Ukimgonga unasikia patupu."

Mlango unafunguka, anaingia Mzee Mwakatobe. Huyu ni mteja wangu wa kweli, fundi viatu, meno ya juu hana. Kila asubuhi anakula chapati moja na maharage. Anachovya, mchuzi unaisha chapati ikiwa imefika nusu, ananyoosha bakuli, namwongezea. Hatuna mazungumzo juu ya hilo. Mtu akiomba mchuzi anaongezewa, na mama lishe anayenyima mchuzi anajulikana mtaa mzima kabla ya adhuhuri.

Anakula. Mchuzi unaisha. Ananyoosha bakuli.

Nachukua upawa. Upawa unageuza shingo na kunitazama.

"Mimi nimepangiwa mara moja kwa kila bakuli," unasema. "Soma ukurasa wa sitini."

"Karibu Chapati Fahari," namwambia Mzee.

"Ahsante, binti. Naomba mchuzi kidogo."

"Siku yako iwe ya fahari."

Ananitazama usoni. Halafu anashusha bakuli.

"Samahani, binti," anasema. "Mama mwenye mgahawa huu amehamia wapi?"

Nilitaka kulia, lakini kulia kulikuwa kumebaki kwenye rafu ya viatu. Nikacheka. Ubao ukaandika mia.

"Mia! Asaini haraka!" Bwana Wilbroad anapaza sauti, na mkataba unaletwa juu ya sinia. Nashika kalamu. Naandika, hakuna kinachotoka. Najaribu tena. Kalamu inakohoa.

"Huyu hana saini," inasema. "Saini yake ipo mlangoni."

Kitabu kinajipekua chenyewe, ukurasa hadi ukurasa, na jambo hilo hakina.

"Basi aitwe huyo tabia," anasema Bwana Wilbroad. "Asaini, halafu atoke."

Kosa kama hilo linataka mtu aliyesoma sana.

Tabia yangu anaingia, kandambili za watu miguuni. Hamtazami mshauri, hakitazami kitabu. Ananipokonya upawa.

"Ukurasa wa sitini..." unaanza upawa.

"Nyamaza."

Anachota, anammiminia Mzee. Anachota tena, anammiminia tena. Mzee Mwakatobe anachovya chapati, anatafuna polepole kwa ufizi, kisha anainua kichwa.

"Ee, mama! Kumbe ulikuwepo."

Hapo ndipo tabia yangu akamgeukia Bwana Wilbroad, upawa umejaa tena.

"Saini mnaitaka wapi?"

Mshauri akaonyesha ile mistari ya nukta kwa kidole. Tabia yangu akamimina. Kengele zikalia, taa zikazimika, chapati za kwenye ndoo zikapiga makofi, na mimi nikaamka.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka na mvua inanyesha. Nilikwenda mezani. Mkataba ulikuwa pale pale, na juu ya ile mistari ya nukta palikuwa na doa la duara, la kahawia, na ganda la harage moja pembeni. Nililigusa. Lilikuwa la moto. Jiko sijawasha, na maharage ya leo yamo kwenye ndoo, mabichi, yameloweshwa.

Mume wangu akatoka chumbani akifikicha macho.

"Mama Sekela, nani amemwagia mkataba mchuzi? Sasa utasaini wapi?"

"Hapo hapo," nikamwambia, huku najifunga khanga. "Pameshasainiwa."