Nukta Nyekundu ya Orval

Haya alinieleza Verlene Stroud mwenyewe, majira ya baridi yaliyopita, tulipokuwa tunashona blanketi la viraka la bibi harusi wa kanisani kwetu. Alikuwa anachoma sindano, anachomoa, anachoma tena palepale. Nikamwuliza, "Verlene, kiraka hicho kimekukosea nini?" Ndipo akaanza.

Mumewe Orval alifariki mwezi wa Machi, akaacha bastola ya kale yenye silinda inayozunguka, matundu sita ya risasi, ambayo babu yake aliinunua wakati huku kwetu Missouri watu bado wanapanda farasi. Kila Jumapili baada ya chakula Orval aliitoa kwenye ala yake ya ngozi, akahakikisha haina risasi, akaketi kwenye kiti chake na kuvuta polepole nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi. Bastola za namna ile huongea. Ukivuta nyundo mpaka mwisho unasikia milio minne: tak, tak, tak, tak. Verlene alikuwa akiosha vyombo jikoni huku akiisikiliza, mwaka baada ya mwaka, mpaka hakujua tena kama anaisikia.

Baada ya mazishi hakuweza kuiangalia. Hakuweza pia kuketi. Alifagia palipofagiliwa, akahamisha sahani kabati hili hadi lile, usiku akageuka huku na huku kama mkate unaookwa. Kufika Septemba akasema basi, ataipeleka gulioni, kwenye ule ukumbi wa maonyesho ya mifugo ambako wapenda bunduki hukutana na kupanga meza zao.

Jioni ya kuamkia siku hiyo aliipangusa. Juu ya silinda, pembeni mwa tundu moja, palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Rangi yake mwenyewe! Akafikiri ilidondoka siku moja mezani. Akaifuta kwa dawa ya kufutia kucha, pakawa safi.

Gulioni wanaume walipita, wakaishika, wakaigeuza. Mmoja alisema imechakaa. Mwingine alitaka kujua kama imewahi kung'arishwa kwa mashine, maana bastola ya kale iliyong'arishwa wao huiona kama mtu aliyechubuliwa ngozi. Kisha akaja mzee mwenye suruali ya mikanda ya mabegani, Harlan Yocum, mfuga nyuki. Aliitazama ile rangi ya buluu ya kiwandani iliyobaki kwenye mifereji ya silinda, akatazama mstari wa mviringo uliochorwa na chuma kugusa chuma miaka mingi, akavua kofia.

"Mama, hii haijaguswa na mjinga hata mmoja," akasema.

"Mume wangu hakuruhusu."

"Nitaitunza. Mimi kila ninayonunua naipiga mara moja tu, Jumapili baada ya kanisa, nyuma ya ghala. Risasi moja kwa kila tundu, ili nijue sauti yake. Baada ya hapo inalala kabatini."

Wakaelewana. Akamwongezea chupa ya asali. Verlene akarudi nyumbani akidhani sasa atalala. Wapi!

Kesho yake, kanisani, baada ya ibada, watu walikuwa kwenye foleni ya viazi vya kuoka na jibini. Delmer Kissee, aliyewinda na Orval tangu ujana, akamsogelea na sahani yake.

"Dada Verlene, nasikia ile bastola imepata bwana mpya. Ulimwambia habari ya tundu jekundu?"

"Tundu gani jekundu?"

Delmer akaweka uma chini. "Lile lenye nukta. Meno ya nyuma ya silinda yamelika pale, kwa hiyo tundu lile halikai sawasawa na mtutu. Risasi ikitoka hukatwa ubavuni na vipande vya risasi vinaruka kando. Orval aliliacha tupu siku zote, chini ya nyundo. Si unajua bastola hizi tunajaza matundu matano, moja tunaacha tupu, isije ikaanguka ikalipuka? Yeye tundu lake tupu lilikuwa lile lile. Ndiyo maana alitia alama."

"Nimeifuta," Verlene akasema.

"Umefuta nini?"

"Nukta, Delmer! Nimeifuta! Na yule mzee anapiga matundu yote, leo, sasa hivi!"

Akakimbilia pikapu yake, mkoba ukabaki mezani. Delmer akamfuata na sahani mkononi. Chupa ya asali ilikuwa bado kitini. Ilibandikwa karatasi yenye jina la shamba la Yocum, barabara lilipo, na namba ya simu. Delmer akapiga. Ikaita, ikaita, hakuna aliyepokea.

"Yuko nyuma ya ghala," Verlene akasema. "Piga tena."

"Napiga. Na wewe tazama barabara, mwanamke, viazi vyangu vimeshamwagika kwenye suruali ya kanisani."

"Delmer, ukitaja viazi tena nakushusha."

Barabara ya changarawe ilikuwa na vumbi, na mbele yao trekta iliyokwenda kama inahesabu mawe. Verlene alipiga honi mpaka dereva akavuka mtaro. Walipoukaribia uzio wa Yocum wakasikia mlio, kisha mwingine. Verlene akaingia uani akiwa ameegemea honi kwa mkono mzima.

Nyuma ya ghala moshi mweupe wa baruti ya zamani ulikuwa umetanda. Mzee Harlan alikuwa amesimama na bastola, mtutu ukielekea kwenye kichuguu cha udongo. Kando yake, sawasawa na silinda, alikuwa mjukuu wake Shawna, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ameinua simu apate picha ya moto ukitoka.

"Toka hapo!" Verlene akapiga kelele. "Wewe binti, toka!"

Shawna akaruka nyuma. Harlan akashusha bastola. "Mama wa watu, kuna nini?"

Verlene akamwona shavuni tone la damu. "Hapo umefanyaje?"

"Hapa? Nyuki amenidunga. Raundi ya kwanza nilipiga peke yangu, nyuki akanidunga. Hii ya pili ni kwa ajili ya picha ya huyu, ndiyo kwanza nimepiga mbili."

"Babu," Shawna akasema, akimsogelea, "huu si mwiba. Ni kipande cha risasi."

Delmer akaeleza habari ya tundu bovu lililokuwa na nukta. Mzee alitazama mahali mjukuu wake alipokuwa amesimama, macho ya binti usawa wa silinda, akaketi juu ya gogo.

Akatoa risasi zote, akampa Delmer akague tena. "Ni lipi?" akauliza.

"Alama nimeifuta," Verlene akasema. Kisha akafumba macho. "Vuta nyundo. Polepole."

Tak, tak, tak, tak. Tundu la pili, vilevile. La tatu, la nne. La tano likasema tak, tak, likanyamaza, tak. Verlene alikuwa amelisikia likichechemea kutoka jikoni kwake maisha yake yote ya ndoa.

"Hilo," akasema, na machozi yakamshuka.

Akataka kuichukua tena bastola na kumrudishia mzee pesa zake. Harlan akakataa katakata. "Nina nyingi zinazopiga vizuri. Yenye kilema, ambayo kilema chake kinajulikana na aliyeisikiliza anajulikana, sina. Lakini irudishie nukta yake. Rangi ile ile."

Pikapu ikarudi kuchukua chupa ya rangi, ikaja tena. Verlene akachora nukta, akapuliza ikauke.

Alifika nyumbani jua bado liko juu ya mahindi. Vyombo vilikuwa kwenye beseni, akaviacha. Akaketi kwenye kiti cha Orval avue viatu, akavua kimoja, na cha pili bado kikiwa mguuni usingizi ukamchukua.