Fukusi Mwenye Pua ya Marehemu

"Mama Adela, tangu lini fukusi akafunikwa kwa bilauri ya wageni?"

Edah, jirani wa mlango wa pili, aliwahi kumwuliza hivyo Elieth, na Elieth akajifanya hakusikia. Angejibu nini? Yeye ndiye aliyekuwa akiwakemea kina mama wa maombi pale Adelphi, huko ughaibuni, waachane na habari za mizimu. Sasa mzimu alikuwa naye mwenyewe, jikoni, chini ya bilauri.

Alimwona alipokuwa akichambua dengu za duka la Wahindi kwenye ungo. Kadudu kadogo kuliko punje ya mchele, kametoka Bara Hindi bila viza. Elieth akavaa miwani, akainama, moyo ukamlipuka: marehemu mumewe Leonard mtupu! Pua ndefu imeshuka kama mrija, macho madogo yamebanwa kando ya pua, vipapasio vimekunjwa viwiko kama mtu anayetaka ugomvi. Mgongo wa kahawia, mistari na madoa ya manjano, kama lile koti alilozikwa nalo. Mbele mwembamba, nyuma kajaa. Alipomgusa kwa kijiti, akakunja miguu akajifanya amekufa, vilevile kama Leonard akiambiwa aoshe vyombo.

"Umekuja kunikatalia," Elieth alinong'ona, akamfunika kwa bilauri pale mezani jikoni.

Maana Jumamosi hiyo Solomon, mgane mpole wa Kikenya kutoka mji jirani wa Columbia, alikuwa anakuja kuchukua jibu la posa. Moyo wa Elieth ulishasema ndiyo, hata kitenge alishanunua. Ila kwa ucha Mungu wake akaomba ishara. Aliomba malaika, akaletewa mla dengu.

Solomon akaja na keki, akaweka kofia mezani.

"Sasa Mama Adela, mimi nimefunga, nimeomba. Niambie tu."

"Subiri kidogo, baba. Kuna jambo sijalielewa."

"Jambo gani na sisi tumezeeka hivi?" Solomon akacheka, akainua bilauri ajimiminie maji. Fukusi akachomoka kuelekea keki. Solomon, mtu msafi, akamfinya kwa kidole gumba.

"Leonard!" Elieth akapiga yowe. "Umemuua Leonard!"

Solomon akatazama kidole, akatazama picha ya marehemu ukutani.

"Si yeye hasa," Elieth alijitetea, akijisikia mjinga tangu utosini hadi kwenye kandambili. "Wanafanana tu. Hapa puani."

Solomon akafuta kidole kwa leso, akachukua kofia yake, akatoka na posa yake.