Chumba cha Mbele

Mume wa dada yangu alikuwa fundi wa kuchomelea, na mtaani walimwita Mzee Milango. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kazi yake. Sisi tuliomjua tulijua ni kwa sababu ya nyumba yake, maana sijaona nyumba ndogo yenye milango mingi kiasi kile. Kila mlango aliuchomelea mwenyewe, na nyuma ya kila mlango kulikuwa na mpangaji.

Haikuanza hivyo. Nyumba waliijenga wawili, dada akisomba matofali na mimba tumboni, na alipoulizwa anataka nini humo ndani alitaja kitu kimoja tu: sebule ya mbele yenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Kifua kilimsumbua tangu utotoni. Alipenda kukaa penye hewa, aone wapita njia, awasalimie wote na awasengenye wachache. Dirisha akalipata. Shemeji alilitengenezea nondo zenye maua, kazi safi, sitamnyima sifa yake.

Watoto walipokua wakaenda kwao, chumba chao kikapangishwa. Hapo sikuwa na neno. Kisha jiko likahamia uani, na pale lilipokuwa jiko pakawa chumba. Kisha chumba cha kulala cha dada na mumewe kikapata mpangaji, wao wakahamia stoo. Stoo ilikuwa na kidirisha. Shemeji alipoongeza chumba kwa nyuma, akakiziba kidirisha hicho kwa tofali. Mwisho ikaja zamu ya sebule. Aliipangisha kwa fundi cherehani, mwanamke mpole aliyetaka mahali pa kushonea na kulala, papo hapo barabarani wateja wamwone.

"Haba na haba hujaza kibaba," shemeji alisema kila alipochanganya saruji.

"Na bandu bandu huisha gogo," nikamjibu.

Akacheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika.

Tena kwa upangishaji alisifika. Bati likivuja leo, kesho yuko juu ya paa. Hakuingia chumba cha mpangaji bila kupiga hodi, wala hakumtoa mtu bila notisi. Vijana walionunua viwanja walimfuata kumwomba ushauri, naye aliwakalisha kwenye korido akawapa: usimpangishe ndugu, utashindwa kumdai, usimpokee mpangaji kabla hujajua kwa nini alihama alikotoka, usipoziba ufa utajenga ukuta, na chumba usikiache kitupu, kitupu huharibika. Yote kweli. Dada naye akidakia kutoka stoo:

"Waambie na habari za mpangaji wako sugu! Miaka yote silipi kodi, na kunitoa umeshindwa."

Vijana wakaangua kicheko, shemeji kuwashinda. "Huyo namrudisha sebuleni mwakani," alisema. Na mwakani ikifika, ilikuwa mwakani tena.

Siku moja nilimjia juu dada, nikamuuliza kama ulimi wake ameupangisha pia.

"Mdogo wangu," akaniambia, "yule alikulia kwenye vibaraza vya watu. Leo hapa, kesho pale, na kufukuzwa juu. Kila akifunga mlango mpya anajiona yuko mbali kidogo na kule. Nikimwambia avunje hata ukuta mmoja, ataona namrudisha kibarazani."

Sikukubali. Nakwambia mpaka leo sijakubali.

Msimu wa baridi ulipoingia, kifua kikambana dada akalazwa. Aliporudi kutoka hospitali, agizo la daktari lilikuwa jepesi kusema: alale mahali penye hewa. Shemeji alisimama kwenye korido akatazama milango yake, huku na huku, yote imefungwa.

"Mwombe fundi cherehani ahame," nikamwambia.

"Mkataba wake haujaisha, shemeji. Nimempa neno langu. Ukiisha tu, dirisha ni la mama watoto."

"Na neno ulilompa mama watoto?"

Shemeji akaenda akanunua feni. Feni ikazungusha hewa ileile ya stoo, na dada akaendelea kukohoa.

Aliyekuja kutuondolea aibu ni fundi cherehani mwenyewe. Alisimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mama, njoo ulale kitandani kwangu, karibu na dirisha. Mimi nitatandika chini."

"Haiwezekani," shemeji akasema. "Wewe ndiye mwenye haki na chumba."

"Baba mwenye nyumba, kuta zako nyembamba. Nasikia kila pumzi yake."

Tukambeba. Siku zile dada alinawiri kidogo, tukaanza kujidanganya. Aliegemea mto akawasalimia wapita njia, akauliza habari za watu aliokuwa hajawaona miaka. Jioni shemeji akitoka kazini alisimama nje ya mlango aliouchomelea mwenyewe, akagonga.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Karibu, mzee. Ila usikae sana, mwenye chumba anataka kupumzika."

Dada alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Shemeji hakucheka. Alikaa kwenye ncha ya kigoda, katikati ya nguo za watu, akatazama dirisha. Rangi ya nondo ilikuwa imebanduka.

"Nitazipaka rangi," alisema.

"Zipake."

"Mkataba ukiisha..."

"Najua, baba watoto," dada akamwambia, akamshika mkono. "Mwakani."

Alifariki asubuhi, dirisha likiwa wazi, kabla mkataba haujaisha. Waombolezaji walijaa. Nyumba ina vyumba vyote vile, na hatukuwa na hata kimoja cha kuwakaribisha. Dada yangu alilazwa kwenye chumba cha mpangaji, na mumewe alipokea pole akiwa amesimama kwenye korido. Nililia kwa uchungu, na nililia kwa hasira.

Fundi cherehani alimaliza mkataba wake akaaga. Shemeji akapaka nondo rangi, ua moja moja. Akaweka kiti cha dada karibu na dirisha, na mtandio wake mgongoni mwa kiti. Nilidhani sasa atahamia humo, lakini bado analala stoo.

Juzi nilikwenda kumpelekea chakula, nikamkuta mlangoni na mume na mke vijana, wameshika godoro lao. Waliambiwa chumba cha mbele hakina mpangaji, na wamelichungulia dirisha wakalipenda.

"Mzee, tunaweza kukiona?" mke akauliza. "Si kitupu?"

Shemeji alijifuta mikono kwenye suruali. Aliwajibu kwa upole, kama alivyowajibu watu maisha yake yote.

"Samahani, wanangu. Kina mtu."