Miguu ya Mama Njiani

Mama yetu alipata nafasi ya kuishi maisha yake mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyotuumiza zaidi. Nasema hivyo mimi Mutindi, mwanawe wa kwanza, na anayetaka kununa na anune.

Maisha ya kwanza yaliishia mtoni, Novemba ya mwaka 1961. Mto wetu, huko chini ya Matiliku, ni wa mchanga. Karibu mwaka mzima unauvuka bila kulowesha unyayo, halafu mvua inyeshe vilimani, maji yakujie ghafla huku utosini jua linawaka. Asubuhi hiyo ndugu yangu Ndolo, mtoto wa miaka tisa, alisema kichwa kinamuuma, hataki shule. Mama akamwambia uvivu haujengi nyumba, akamtoa nje kwa mwiko. Mimi nilitangulia nikavuka. Niliposikia ngurumo na kugeuka, Ndolo alikuwa katikati ya mchanga, ameinama anafunga kaptura yake. Tulimpata baada ya siku mbili.

Mwaka 1963 mama alijifungua mvulana mwingine. Siku ya tatu wanawake wakaja kumpa jina, kama ilivyo desturi yetu, wakamwita Musyoka, yaani aliyerudi. Mtoto akizaliwa baada ya msiba huitwa hivyo, na kila mtu anajua ni jina la kufutana machozi. Mama hakulichukua hivyo. Alimgeuza mtoto, akaona alama nyeusi begani, upande ule ule Ndolo aliokuwa na yake, akasema, "Nimerudishiwa. Safari hii sitakosea."

Basi akaanza kupindua kila kitu. Ndolo aliachishwa ziwa mapema. Musyoka alinyonya mpaka akawa anabishana na wageni huku ziwa liko mdomoni. Hakuchapwa hata siku moja. Na shule hakuiona. Mwalimu alikuja mara mbili kumwombea ruhusa, na mara ya pili mama akamfungulia mbwa. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, kwa mkaa, nyuma ya ghala. Mimi hakuna aliyenirudisha mwanzo, lakini hayo tuyaache.

Kijana alikuwa na mikono ya ufundi. Akiwa na miaka kumi na minane aliifufua redio ya marehemu baba, ambayo kuku walikuwa wakitagia juu yake. Kinuthia, fundi wa redio kutoka Malili aliyekuja kwetu kununua mbuzi, akaisikia ikiimba. Aliifungua, akachungulia ndani, akacheka kwa furaha.

"Huyu nipatie," akamwambia mama. "Atakaa kwangu na watoto wangu. Mwaka moja tu, atakuwa fundi kunishinda."

 Siku ya safari tukamkuta mama ameketi pale njia inapobanwa na mwamba upande huu na miiba upande ule, kabla ya kuteremka mtoni. Alikuwa amenyoosha miguu, imeziba njia yote. Kuruka miguu ya mzazi kwetu ni kujitakia laana. Yeye alilijua hilo, na sisi tulilijua.

"Mwaitu," Musyoka akamwita, maana ndivyo tunavyowaita mama zetu. "Hiyo mto imekauka. Angalia, hata ng'ombe zimelala ndani."

"Hata ile siku ilikuwa imekauka."

"Mimi si Ndolo."

Mama alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa. "Ulisema kichwa inakuuma, nikakufukuza. Sikufukuzi tena."

Kinuthia alingoja ng'ambo mpaka jua likawa kali, kisha akaenda zake. Nilimwambia ndugu yangu amruke tu, laana nitaibeba mimi. Akaniangalia, akaweka chini kifurushi chake, akaketi kando ya mama. Siku hiyo nilimchukia mama yangu, na sioni haya kulisema.

Miaka kumi na mitano ikapita. Musyoka alichunga mbuzi. Hakuoa, msichana aliyempenda alikuwa wa ng'ambo.

Mwaka 1996 mama akashikwa na ugonjwa ambao haukumwachia. Alasiri moja nikimnywesha uji, aliusukuma mkono wangu, akamtafuta Musyoka kwa macho.

"Ndolo," akasema, "safari hii nilifanya vizuri?"

Nikaweka bakuli chini. Nilitaka Musyoka amwambie. Nilitaka mama ayasikie yote kabla hajaenda, shule, redio, yule msichana. Musyoka akapiga magoti, akamshika mkono.

"Ulifanya vizuri, Mwaitu. Kichwa hainiumi tena."

Mama alitabasamu, akaomba uji. Siku mbili baadaye alifariki.

Matanga yalipokwisha, nilimfungia ndugu yangu kifurushi. Kinuthia alikuwa bado yuko Malili, nilikuwa nimeulizia. Nilimsindikiza mpaka pale penye mwamba na miiba. Chini kulikuwa na mto mkavu na punda wa watu wakipita na mitungi. Njia ilikuwa wazi, vumbi tu.

Musyoka akasimama. Akatazama chini, mbele ya miguu yake, kwa muda mrefu.

"Nenda," nikamwambia. "Hakuna mtu hapo."

"Siwezi kumruka," akasema.

Akanirudishia kifurushi, akapanda kwenda kuwafungulia mbuzi.