Mioyo Mitatu ya Pweza

Kosa la mwalimu Violeth lilikuwa kufundisha vizuri mno. Angeandika ubaoni tu kama wenzake, watoto wa Sapiwi, kijiji kilicho mbali na bahari, wangemsahau pweza kabla ya kengele ya uji. Yeye akaagiza pweza mzima kutoka Mtwara, kwenye chupa kubwa yenye dawa ya kuhifadhia, akamweka mezani mbele ya kidato cha pili. Huyu ana mioyo mitatu, akawaambia. Damu yake ni ya buluu, hubadili rangi akitaka asionekane, na hupenya kwenye tundu ambalo hata panya angelitilia shaka. Jike akishataga hulinda mayai bila kula, na yakianguliwa hufa.

Watoto wakayabeba hayo mpaka nyumbani, na njiani wakaongeza yao.

Maabara haikuwa na kitasa, kwa hiyo Violeth aliihifadhi chupa alikopanga, kwa bibi Nyanjige. Bibi huyu, mjane, ndiye aliyemkataza Violeth kubeba maji tangu mimba yake ifikishe miezi mitano. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, na Violeth, mgeni kutoka Moshi, hakujua kwamba huku macho ya namna hiyo husomwa kuwa ya mchawi. Bibi aliisukuma chupa uvunguni, akaifunika kwa kanga.

Wiki ile ng'ombe watatu wa jirani yao Marcelo wakafa. Ilikuwa ndigana, ugonjwa wa kupe, bwana mifugo alisema wazi. Lakini watu walikwisha kupiga hesabu zao: mioyo mitatu, ng'ombe watatu, na chupa ilionekana ikiingizwa kwa bibi mwenye macho mekundu. Kisimani wanawake wakaanza kumpisha bibi achote peke yake. Violeth aliyaona hayo na akaogopa. Akajiambia kwamba Jumamosi angeirudisha chupa shuleni.

Ijumaa mchana ukapigwa mwano, ule ukelele wa kuwaita wanaume, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakajaa uani na fimbo zao. Kamanda wao, Ngassa, aliingia ndani akatoka na chupa, ameishika mbali na mwili wake. Minyiri ya pweza ikacheza ndani ya dawa, na watu wakarudi nyuma.

"Hiki kitu cha nani?" akauliza.

Jibu Violeth alikuwa nalo. Barua ya mkuu wa shule iliyoruhusu pweza aagizwe ilikuwa mkobani. Lakini alizitazama zile fimbo, akalishika tumbo lake, na ulimi ukamgomea.

Bibi Nyanjige alimtazama, kisha akamgeukia Ngassa.

"Changu. Mwalimu hajui lolote."

Wakamchukua. Alipompita Violeth mlangoni alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ugali uko jikoni, ng'wanone. Ule, mwanangu."

Walikwisha kuvuka shamba la pamba ndipo sauti ya Violeth ilipotoka. Akapiga kelele kwamba pweza ni wake, ni wa shule, wamrudishe bibi. Katika kundi lote aligeuka mtu mmoja tu. Alikuwa Nyanjige, naye alimwashiria kwa mkono anyamaze.