Puto Lililoshika

Mjomba alikuwa kinyozi, na alipenda kusema kwamba kinyozi hula kwa miguu zaidi kuliko kwa mikono. Mkono unashika mkasi tu, lakini miguu inamzunguka mteja kutwa nzima. Kwa miguu hiyo alimlea mpwa wake wa kike tangu dada yake alipofariki, akamsomesha mpaka chuo kikuu. "Wewe umekula nywele za watu, mama," alikuwa akimtania. "Ndiyo maana kichwa chako hakitulii."

Mpwa akawa mhandisi. Kiwanda kilichomwajiri kilitengeneza vifaa vya hospitali, naye akapewa meza ya maputo. Puto lenyewe lilikuwa dogo, limekunjwa kwenye ncha ya mrija mwembamba kiasi cha kukaribia kuwa uzi. Daktari huupitisha mrija huo ndani ya mshipa wa damu hadi pale njia ilipobana. Puto hujazwa maji, likatanuka, likausukuma uchafu ulioganda ukutani, na damu ikapata pa kupita. Kisha maji hunyonywa na puto likatolewa. Wenzake kazini walimwita Fundi Puto, na jina likamganda.

Kilichomnyima raha ni mishipa iliyozeeka kwa maradhi. Uchafu ukikaa mno hugeuka mgumu kama chokaa ya ukutani. Ukijaza puto mahali kama hapo, haliusukumi. Linaponyoka, kama kokwa ya embe iliyolowa inavyoruka kutoka vidoleni, na kutua pembeni ambako mshipa ni mzima na haukuomba kutanuliwa. Fundi Puto alijenga mishipa ya bandia kwa mirija ya kioo, akaikandika jasi kwa ndani, akawa anaharibu puto baada ya puto. Alijaribu ngozi yenye mikwaruzo, ikachubua mshipa. Alifupisha mabega ya puto, zile sehemu zinazoinama kwenye miisho yake, likatulia kidogo, si sana. Mwishowe alilaza nyaya tatu nyembamba kuliko unywele juu ya ngozi ya puto, toka mwanzo hadi mwisho. Puto likitanuka, nyaya zinauma ile chokaa, na puto linashika.

Lakini nyaya zilinenepesha ncha. Hapo aliokolewa na mwenzake wa meza ya pili, mama mmoja mpole waliyemwita Bi Mkunjo kwa sababu kazi yake ilikuwa kukunja maputo chini ya darubini. Walikaa bega kwa bega wiki nzima wakikunja na kukunjua, hadi wakapata namna ya kuyafanya mabawa ya puto, ile mikunjo yake, yalale katikati ya nyaya badala ya kuzipanda. Ncha haikuwa nyembamba kama walivyotaka, ila ilipungua. Puto likajaribiwa, likakubaliwa, likaanza kupelekwa hospitali.

Wakati huo wote Mjomba alikuwa anaumwa na hasemi. Akitembea kidogo, shavu la mguu wa kulia linamkaza kama limefungwa kamba. Anasimama mbele ya duka lolote na kujifanya anatazama bidhaa mpaka maumivu yaondoke. Mkewe alishangaa mumewe ameanza lini kupenda vyombo vya plastiki. Kazini alisogeza kiti karibu na kioo, akawaambia wateja kwamba siku hizi vinyozi wa kisasa hukaa. Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kidole kidogo cha mguu kilipata kidonda, kidonda kikakataa kupona, kidole kikaanza kuwa cheusi. Mkaza mjomba, yaani mkewe, ndiye aliyekiona, siku alipomvua soksi akiwa amesinzia kwenye kochi. Hakumwamsha. Alikwenda jikoni, akampigia simu mpwa wao.

"Mama, njoo umwone mjomba wako. Mguu wake ni baridi kama umetoka kwenye friji."

Hospitali ya kwanza ilisema mguu ukatwe chini ya goti, na mapema. Mjomba alisikiliza huku akiitazama miguu yake yote miwili, kama mtu anayeambiwa achague mtoto. Ya pili ilikuwa na daktari wa mishipa, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyekwisha kufanya kazi na kiwanda cha Fundi Puto. Alizitazama picha, akasema mshipa umebana sehemu mbili chini ya goti, na pabaya zaidi pamekuwa chokaa tupu.

"Tunaweza kujaribu kuufungua," alisema. "Nadhani lile puto lenu jipya ndilo linalofaa."

Fundi Puto alimwomba waongee ukumbini.

"Daktari, tumia jingine. Yako mengi, ya zamani, yamezoeleka."

"Ya zamani yataponyoka pale. Unajua kuliko mimi."

"Najua. Lakini huyu ni baba yangu."

"Wote ninaowatibu ni baba wa mtu," alisema daktari, kwa upole. "Ungekuwa huliamini, usingelitoa kiwandani. Kamwambie mwenyewe, aamue."

Basi alikwenda akakaa kitandani, akamweleza Mjomba kila kitu: kwamba puto ni lake, kwamba linaweza kushindwa, kwamba mguu unaweza kukatwa hata baada ya kujaribu. Mjomba alimwacha amalize.

"Siku ya kwanza uliponinyoa mimi ulikuwa na umri gani?" aliuliza.

"Sikumbuki. Nilikuwa darasa la pili labda."

"Ulinikata sikio."

"Nilikukata, mjomba."

"Na kesho yake nilikaa tena kwenye kiti nikakupa mkasi. Sasa unanionyesha puto na kuogopa? Waambie waendelee."

Siku ya kazi yenyewe, Fundi Puto hakuruhusiwa kuingia. Alikaa kwenye benchi la ukumbi na mkaza mjomba, aliyekuwa amebeba viatu vya mumewe, vyote viwili, kwenye mfuko, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Ndani, Mjomba alichomwa ganzi kinenani na kubaki macho. Aliwasikia wakizungumza juu yake kama mafundi bomba walio chini ya sinki.

Daktari alipotoka, barakoa ilikuwa imeshuka kidevuni. Akaketi katikati yao.

"Puto lako lilikataa kuingia," alimwambia Fundi Puto. "Ncha ilikuwa nene, njia ni nyembamba mno."

Mkaza mjomba aliubana mfuko wa viatu kifuani.

"Ikabidi nitangulize puto jembamba la zamani, la kiwanda kingine. Likanifungulia upenyo mdogo. Ndipo lako likapita. Nikalijaza polepole nikingoja liruke." Akapumua. "Halikuruka. Lilishika pale pale. Damu inafika mpaka vidoleni. Kile kidole cheusi hatutakiokoa, lakini mguu ni wake."

Fundi Puto aliinama akaishika mikono ya daktari, iliyokuwa bado na unga wa glavu. Mkaza mjomba ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. "Mungu akulinde wewe na mikono hiyo. Na hao wa kiwanda kingine pia, popote walipo."

Walipoingia, mkaza mjomba hakumsalimia mumewe kwanza. Alipeleka mkono moja kwa moja chini ya shuka, akaushika mguu, akauachia, akaushika tena. "Una joto," alisema, na akakaa chini sakafuni akiwa bado ameukumbatia.

Kidole kilikatwa wiki hiyo hiyo, kidonda kikapona taratibu. Mjomba alipoanza kutembea bila kusimama madukani, alimjia mpwa wake na shauri. Anataka kwenda kiwandani kushukuru.

"Wanasema asante ya punda ni mateke," alisema, "na mimi nilikuwa karibu nikose hata mguu wa kupigia teke. Nipeleke."

Walimvisha koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, yeye mwenye upara. Alimpa mkono kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini. Kwa Bi Mkunjo aliomba aonyeshwe. Akainamia darubini, akatazama mabawa yakilazwa katikati ya nyaya. "Dada yangu," alisema, "mimi nimeshika wembe maisha yangu yote, lakini vidole vyako vimefika mbali zaidi. Vimefika ndani yangu." Bi Mkunjo akacheka huku akijifuta macho kwa mkono wa koti.

Njiani kurudi, Mjomba aliuliza swali ambalo mpwa wake hakulitarajia.

"Kabla yangu, nani alijaribiwa?"

Fundi Puto akamwambia. Walikuwa wengi, na wengi wao walipona. Mmoja, dereva mstaafu wa malori, ndiye aliyepewa puto la mwanzo kabisa, lile la mabega mafupi, kabla ya nyaya. Liliponyoka. Daktari alisema mguu ule ulikuwa umeshachelewa, na ukakatwa. Lakini yule mzee alikubali picha zake zitazamwe, na katika picha hizo Fundi Puto aliona kwa mara ya kwanza namna puto linavyoruka ndani ya mtu, si ndani ya kioo. Nyaya zilitokana na picha zile.

"Yuko hai?"

"Yuko. Daktari humwona."

"Basi sijamaliza kushukuru," alisema Mjomba.

Walikwenda baada ya daktari kuwaombea ruhusa. Dereva alikaa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni mwa chumba chake, mguu mmoja wa suruali umekunjwa vizuri na kubanwa kwa pini. Mjomba alijieleza mwenyewe; hakumwachia mpwa wake mzigo huo. Alisema mguu wake umepona kwa sababu ya mguu wa mwenzake, na kwamba amekuja kutoa asante, hata kama asante hairudishi kitu.

Mzee akaomba auone mguu huo. Mjomba akavua kiatu na soksi, akauinua mguu wenye vidole vinne, na yule dereva akaushika kwa mikono yake mikubwa, akaubonyeza hapa na pale.

"Mimi nilijua wangu umetupwa bure," alisema. "Nikawa nasema, angalau ungekufa kwa faida. Hakuna aliyekuja kuniambia." Akamtazama Fundi Puto. "Ni wewe uliyetengeneza?"

"Ni mimi, mzee. Pamoja na wengine."

"Lile la kwanza lilikuwa bovu."

"Lilikuwa bovu, mzee."

"Hili zuri?"

"Ni zuri zaidi. Ncha bado nene. Tunaipunguza."

Akatikisa kichwa kukubali, kama fundi mkuu aliyeridhika na maelezo. "Ipunguzeni, mwanangu. Nashukuru mmekuja."

Mjomba alikuwa amekuja na mkoba wake. Alimfunga mzee shuka shingoni, akaanza kumnyoa, akimzunguka kiti kwa hatua zake za zamani. Wakagundua kwamba dereva alikuwa amepita miaka mingi mbele ya kibanda cha Mjomba cha kunyolea bila kuingia hata siku moja, maana aliona foleni ndefu, wakaanza kubishana kama kweli foleni ilikuwa ndefu au alikuwa bahili. Fundi Puto aliwasikiliza kutoka mlangoni. Mke wa dereva alimletea kikombe cha chai, akakipokea kwa mikono miwili.