Mgongo wa Adeline

Mama Léonie alikuwa na mdomo, na hilo halikuwa siri kwa yeyote aliyewahi kununua samaki wa chumvi kwake katika soko kuu la Bunia. Ungeondoka na samaki mmoja na habari za mitaa mitatu. Basi Papa Jérôme, dereva wa lori la bluu lililokuwa likiwahamisha watu mwezi ule wa tano wa mwaka 2003, alipoambiwa kuwa mama huyo atakaa mbele pamoja naye kwa sababu mguu wake umevimba hata kiatu hakiingii, alikuna kichwa.

"Mama, huku mbele batu hapana kusema na shofere."

"Mie? Hautasikia hata pumzi yangu," akajibu Léonie. Kabla lori halijatoka uwanja wa parokia alikuwa amekwisha kumsimulia habari za mguu, za mkwe wake, na za bomu lililoangukia choo cha jirani.

Nyuma, juu ya mizigo, walikaa watu sabini na watatu. Mji ulikuwa umewaka kwa wiki nzima. Wanamgambo hawa wakitoka, wengine waliingia, na kila walioingia walijifanya ndio wenye nyumba. Njia iliyobaki ilikuwa ya kusini, kwenda Komanda, na hata hiyo hakuna aliyejua itabaki wazi mpaka saa ngapi.

Jérôme naye alikuwa na lake moyoni. Alikuwa amerudi kutoka safarini akakuta nyumba yake tupu na mlango umelala chini. Adeline, mke wake wa miaka ishirini na miwili, hayupo. Alimtafuta hospitalini, akamtafuta uwanja wa ndege kati ya maturubai ya wakimbizi, akawauliza hata wazika maiti. Mwishowe jirani mmoja alimwambia: alimwona akifuata umati kwenda kusini kwa miguu, amevaa kitenge cha kijani chenye picha za ndege, beseni la bluu kichwani. Ilikuwa siku tatu zilizopita. Ndiyo maana watu wa parokia walipotafuta dereva wa kwenda Komanda, hakungoja kuombwa mara mbili.

Sasa mshika mawili moja humponyoka. Barabara nzima ilikuwa imejaa watembea kwa miguu, na kila alipoona rangi ya kijani shingo ya Jérôme ilijigeukia yenyewe. Hawajafika mbali, aliona kitenge upande wa kushoto, akakitazama kidogo tu, kiasi cha mtu kusema jina lake. Gurudumu la mbele likatoka njiani. Lori likainama. Watu nyuma wakapiga kelele, sufuria zikamwagika, na mtoto wa mtu akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja mpaka mwanamume mmoja alipomvuta juu kwa shati. Jérôme alilirudisha lori njiani, akasimama mahali pa tambarare, akaweka paji la uso juu ya usukani.

"Haikuwa yeye," alisema.

Akainua kichwa, akamgeukia Léonie.

"Mama, sikia. Macho haina pazia. Nikiendelea hivi, nitaua batu sabini juu ya kutafuta mutu moja, muke yangu. Weye uangalie kandokando, mie nitaangalia njia tu. Ukiona kikwembe ya ndege na beseni ya bluu, uniambie, nitasimama polepole."

"Nitakuambia."

"Lakini kule kwenye mulima, hapana. Hata ukimuona. Hata ukiona mama yako mwenye kuzaa weye. Ungoja tufike juu."

Mlima huo madereva walikuwa wameubatiza Sali Kwanza. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulikuwa unateleza kama sabuni. Lori la Jérôme halikuwa na breki ya mkono, na ile ya mguu ilikuwa inafanya kazi inapotaka. Ukipanda Sali Kwanza na mzigo, unapanda kwa mwendo mmoja hadi kileleni. Ukisimama katikati, unarudi kinyumenyume mpaka bondeni, na huko bondeni tayari yalikuwa yamelala malori mawili.

Léonie akaanza kazi yake. Jamani, kuishi kwingi ni kuona mengi. Aliyekuwa akiuza samaki akidhani anawajua watu wote wa Bunia, sasa ndipo alipowaona. Alimwona fundi nguo amebeba cherehani kichwani, magurudumu yake yakizunguka kwa upepo. Aliwaona wachimba dhahabu wa Mongbwalu, Waislamu na Wakristo, wakipokezana kumbeba bibi kizee asiyekuwa wa yeyote kati yao. Aliona mzee aliyechukua mlango wa nyumba yake mgongoni, mlango peke yake, kitasa kikiwa bado juu yake. Hakuna aliyekuwa anawaongoza na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Moyo wa Léonie ulijaa hata akashindwa kupumua vizuri, maana hakuwahi kujua kwamba watu hawa wa kugombania kipimo cha chumvi walikuwa wakubwa kiasi hiki.

Kitenge cha ndege hakukiona.

Chini ya mlima Jérôme alibana midomo, akaingiza gia ya kwanza. Injini ikalia. Nyuma sauti moja ikaanza sala na nyingine zikaifuata chinichini. Lori lilipanda kwa mwendo wa mtu mgonjwa, matairi yakitafuta mahali pa kushika, mara yanateleza, mara yanashika. Watembeaji walijisogeza kando kulipisha.

Katikati ya mlima, upande wa kulia, Léonie aliona beseni la bluu.

Chini ya beseni, kitenge cha kijani. Ndege. Mwanamke mrefu, miguu imetapakaa matope hadi magotini. Mwanamke huyo alisikia injini, akageuka, na uso wake ukafunguka wote: alikuwa amelitambua lori. Léonie alingoja ainue mikono, apige kelele, akimbie. Yeyote angekimbia.

Adeline hakukimbia. Alitazama matairi, akatazama watu waliojaa juu, akatazama njia ya juu iliyobaki. Kisha akashusha beseni, akajifunika kichwa kwa ncha ya kitenge, akaligeuzia lori mgongo, akaingia kwenye majani marefu na kuchutama.

Anamkimbia mume wake! Ndivyo alivyofikiri Léonie. Wamegombana hawa. Ulimi wake uliwaka moto. Akauma kitambaa cha kichwani mwake, akauma kweli, machozi yakamtoka. Majani yale yalipita dirishani karibu kabisa, angeweza kuyagusa. Akamtazama Jérôme. Macho yake yalikuwa njiani, jasho linamchuruzika hadi kidevuni, mikono imeshika usukani kama imeshonwa pale. Hakupepesa. Maskini, Léonie akawaza, hajui amemwacha nani nyuma.

Walifika kileleni. Jérôme alisogea mpaka mahali pa tambarare, wanaume wakaruka kuweka mawe chini ya magurudumu.

"Nimemuona!" Léonie akalipuka. "Papa Jérôme, nimemuona kule katikati! Lakini alijificha. Alikuona, akajificha!"

"Nami nilimuona."

"Ulimuona?"

"Mugongo yake. Miaka makumi mbili na mbili, mama, nitakosa kujua mugongo ya Adeline?" Akafungua mlango wa lori. "Hii camion, na breki yake, anaijua kuliko mie. Angenipungia mukono, ningefunga breki. Anajua ningefunga. Njo maana alinificha uso."

Alishuka, akaanza kuteremka mlima kwa miguu, kwanza akitembea, halafu akikimbia na kuteleza. Milio ya bunduki ilisikika mbali, upande wa Bunia. Mwalimu mmoja aitwaye Fabien alinung'unika kwamba watu wanachelewa kwa ajili ya mtu mmoja. Léonie akamweleza kilichotokea, kwa maneno machache kuliko alivyowahi kutumia maishani. Fabien akavua kofia, akaishika kifuani. Habari ikapita mdomo hadi mdomo mpaka nyuma kabisa ya lori, na watu sabini na watatu wakageuka kutazama njia ya mlimani. Léonie alisikia mwili wake wote ukisisimka, kama siku ya kipaimara chake, na hakuona haya kulia.

Waliwaona wakipanda. Adeline alikuwa mbele, beseni kichwani; Jérôme nyuma yake, matope hadi kiunoni.

"Munafika bote?" Adeline aliuliza akihema. "Hakuna mwenye alianguka?"

"Bote," alijibu Léonie. Alikuwa amekwisha kushuka, amesimama kwa mguu mmoja, ameshikilia mlango wazi. "Ingia mbele, mama. Hii ni nafasi yako. Mie nitapanda nyuma, mguu utavumilia."

Adeline alikitazama kiti, akamtazama mume wake, ambaye tangu chini hakuwa ameondoa macho kwake hata kidogo. Akacheka, na kicheko kikamwisha njiani, akajifuta uso kwa kiganja.

"Hapana, mama, rudi pale. Njia ya Komanda ingali mulefu, na huyu hataangalia njia." Akampa Fabien beseni, akashika ubao wa lori, akaanza kupanda nyuma. "Tukifika, ataniangalia mpaka achoke."